Kipimo cha Madini ya Risasi Majini Kinachotumia DNA: Miezi Mitatu Katika Majiko ya Chicago

Katika jengo ninaloishi hapa Chicago yumo mama mmoja, mzaliwa wa Uvira, ambaye hajawahi kumpa mtoto wake maji yasiyochemshwa. Kila jioni huinjika sufuria kubwa, huyaacha maji yatokote kwa muda mrefu, kisha huyafunika yapoe, kwa kuwa alikulia mahali ambapo kipindupindu hakikuwa habari ya redioni bali msiba wa nyumba ya pili. Nilimweleza kwamba kuchemsha kunaua vijidudu lakini hakuondoi madini ya risasi, ambayo ni sumu, na kwamba maji yanapopungua kwa mvuke, risasi iliyokuwamo hubaki yote ndani ya sufuria. Akaniuliza, "Sasa nitajuaje, kaka, na maji yenyewe ni meupe hivi?" Kwa ajili ya swali hilo niliazima kifaa ninachokihakiki hapa, nikakaa nacho kuanzia Januari hadi mwisho wa Machi.

Swali lake lina uzito katika mji huu kuliko mahali pengi. Kwa miongo mingi kanuni za ujenzi za Chicago ziliagiza kwamba bomba linalounganisha nyumba na bomba kuu la barabarani liwe la risasi, na jambo hilo lilikoma tu pale sheria ya taifa ilipoyapiga marufuku mabomba hayo mwaka 1986. Hadi leo mabomba ya aina hiyo yaliyobaki ardhini hukadiriwa kuwa takriban 400,000, mengi kuliko katika mji mwingine wowote wa Marekani. Maji ya Ziwa Michigan hutoka kwenye mitambo yakiwa hayana tatizo hilo. Risasi huyaingia katika mita chache za mwisho, kati ya barabara na jiko.

Kifaa chenyewe ni cha kushikwa mkononi, kizito kidogo kuliko simu za zamani za mezani. Kina tundu juu la kuingizia kichupa chembamba cha plastiki, kioo kidogo cha kusomea namba, na taa ndani inayotoa mwanga wa buluu. Pamoja nacho huja pakiti za vihisi, na kila kihisi hutumika mara moja tu: ni kifuniko kidogo chenye kitambaa cheupe ndani yake, ambamo DNA imekaushwa. Unachota mililita moja ya maji kwa sirinji isiyo na sindano, unayasukuma yapite katika kitambaa hicho na kuingia kwenye kichupa chenye bafa (kimiminika kinachodhibiti ukali wa asidi), unakifunga, unakitia kwenye tundu, na katika muda usiozidi dakika mbili namba inatokea, ikihesabiwa kwa mikrogramu (sehemu za milioni za gramu) za risasi katika lita moja ya maji. Sitaitaja kampuni iliyokitengeneza, kwa sababu ninachotaka kukipima hapa ni aina ya kipimo, na mengi nitakayoyasema yanahusu DNA yenyewe kuliko plastiki iliyoizunguka.

Wengi wetu tulifundishwa shuleni kwamba kazi ya DNA ni kubeba urithi, kutoka kwa baba na mama hadi kwa mtoto, na basi. Hiyo iliyomo ndani ya kihisi hiki haina urithi wowote inaoubeba. Imetengenezwa maabara kwa mashine, haikutoka kwa kiumbe, na imewekwa pale kwa sababu inafanya kazi kama kimeng'enya, yaani kitu kinachoharakisha mabadiliko ya kikemikali: ikiguswa na ayoni ya risasi (chembe yake iliyoyeyuka, yenye chaji ya umeme), inakata. Wataalamu huiita DNAzaimu. Kuna nyuzi mbili zilizoshikana. Uzi mmoja umejikunja kwa umbo maalumu na ndio mkataji. Uzi wa pili ndio unaokatwa, na katikati yake kumewekwa kiungo kimoja tu cha RNA, molekuli ya jamii moja na DNA, nacho ni dhaifu kuliko viungo vya DNA vilivyokizunguka. Kwenye ncha ya uzi unaokatwa pamefungwa rangi inayong'aa ikimulikwa, na kwenye ncha ya uzi mkataji, mahali panapoielekea rangi ile, pamefungwa molekuli inayouzima mng'ao. Maadamu nyuzi zimeshikana, rangi na kizimishi vimetengana kwa nanomita chache tu (nanomita ni sehemu ya bilioni moja ya mita), na rangi haionekani. Risasi ikiingia, uzi unakatwa pale penye kiungo dhaifu, kipande chenye rangi kinaponyoka na kwenda zake majini, na mng'ao unaanza kupanda. Kadiri risasi ilivyo nyingi ndivyo mng'ao unavyopanda kwa kasi, na kifaa husoma kasi hiyo, kisha hukigeuza kipimo hicho kuwa namba.

Nimeueleza utaratibu huu kwa urefu kwa sababu ndiyo nanoteknolojia ya DNA, yaani ufundi wa kuunda vitu vidogo mno kwa DNA, ninayoiona ina manufaa ya karibu zaidi kwa mtu wa kawaida. Ukitaja nanoteknolojia ya DNA, wengi hukumbuka nyuso zenye tabasamu ambazo mwanasayansi Paul Rothemund alizikunja kwa uzi wa DNA mwaka 2006, kazi ya kustaajabisha kweli. Hata hivyo, hapa hakuna picha inayokunjwa. Kuna uzi wa unene wa nanomita 2 unaotofautisha metali moja na nyingine, na unafanya hivyo juu ya meza ya jikoni, karibu na kikapu cha viazi.

Uwezo huo haukubuniwa na mtu akiwa ameketi na kalamu, bali ulichaguliwa. Mwaka 1994, Ronald Breaker na Gerald Joyce wa taasisi ya Scripps huko California walianza na kundi kubwa mno la nyuzi za DNA zenye mpangilio wa kubahatisha, wakazifunga zisiweze kuondoka isipokuwa zijikate zenyewe, kisha wakazimiminia risasi. Zile chache zilizojikata na kuponyoka walizikusanya, wakazizalisha, wakarudia tena na tena, hadi wakabaki na nyuzi zilizoijua kazi hiyo. Hiyo ndiyo DNA ya kwanza kuthibitishwa kuwa inaweza kufanya kazi ya kimeng'enya. Miaka sita baadaye, mwaka 2000, Jing Li na Yi Lu wa Chuo Kikuu cha Illinois huko Urbana-Champaign, mwendo wa saa mbili na zaidi kwa gari kutoka hapa nilipo, waliifunga rangi na kizimishi kwenye DNAzaimu na kuonyesha kwamba inaweza kuwa kihisi cha risasi majini. Vifaa vya aina ninayoihakiki ni matunda ya njia hiyo.

Tulianza Jumamosi moja ya Januari. Maji yalikuwa yamelala bombani usiku kucha bila mtu yeyote kufungua, kwa kuwa kipimo cha haki hutaka yatulie kwa saa 6 au zaidi. Niliandaa chupa tano za lita moja, nikaziandika namba kwa wino usiofutika, na tukazijaza moja baada ya nyingine bila kulifunga bomba katikati. Chupa ya kwanza ina maji yaliyolala kwenye bomba la jikoni lenyewe. Ya tano, kwa nyumba nyingi, ndiyo inayokaribia maji yaliyolala ndani ya bomba la chini ya ardhi, na ndiyo maana kanuni za serikali ya Marekani sasa huiangalia lita ya tano pale ambapo bomba la risasi linajulikana kuwapo. Mama alishika chupa, mimi nikashika saa, na mtoto akashika kifuniko ambacho baadaye tulikitafuta kwa muda.

Namba ya kwanza niliyoipata kwenye chupa ya tano ilikuwa 6. Nikafurahi, kisha nikajitilia shaka, kwa sababu chupa ilikuwa baridi kiasi cha kutoa jasho mkononi mwangu. DNAzaimu ni kimeng'enya, na vimeng'enya hupunguza mwendo kwenye baridi. Kifaa kinapima kasi, hivyo baridi inaweza kuifanya risasi nyingi ionekane kidogo. Niliziacha chupa zote mezani mpaka zikawa na joto la chumba, sawa na joto la maji niliyotumia kukisawazisha kifaa asubuhi ile, nikapima tena. Chupa ya kwanza ikasoma 3. Chupa ya tano ikasoma 11.

Kumi na moja ni nini? Mikrogramu 10 kwa lita ni sawa na gramu moja ya risasi iliyoyeyuka ndani ya maboza kumi ya maji, kila boza likibeba lita 10,000. Shirika la Afya Duniani limeweka mwongozo wake kwenye mikrogramu 10 kwa lita. Marekani kwa muda mrefu ilikuwa na kiwango cha kuchukua hatua cha 15, na kanuni iliyotolewa Oktoba 2024 imekishusha hadi 10. Lakini lengo la kiafya la nchi hiyo hiyo ni sifuri, na madaktari wa watoto wa Marekani wanapendekeza maji ya kunywa shuleni yasizidi 1, kwa sababu ubongo wa mtoto hauna kiasi cha risasi kinachojulikana kuwa salama kwake. Kwa mtoto anayekunywa maziwa ya unga yaliyokorogwa kwa maji hayo kila siku, 11 si namba ya kuiacha hivi hivi. Nilimwambia mama hivyo kwa maneno hayo hayo.

Hapa ndipo ninapokipa kifaa sifa yake kubwa. Mama aliiona namba ikitokea. Hakuletewa karatasi kutoka ofisini baada ya yeye kusahau chupa ilijazwa lini. Aliiona lita ya kwanza ikiwa chini na ya tano ikiwa juu, na akaelewa mwenyewe, kabla sijafungua kinywa, kwamba tatizo liko nje ya jiko lake. Nimefanya kazi za maabara kwa miaka mingi na sijawahi kuona somo likiingia haraka namna ile.

Ingawa hivyo, yapo mambo ambayo mnunuzi lazima ayajue, na kijitabu cha maelezo nilichopewa kiliyagusa kwa sentensi fupi mno.

La kwanza ni zinki. DNAzaimu za risasi si za aina moja. Ipo ile ya mwaka 1994, na ipo nyingine iitwayo 8-17 pamoja na ndugu zake, ambayo ndiyo iliyotumika katika vihisi vingi vya mwanzo. Hii ya pili inaipenda risasi kuliko metali nyingine kwa mbali, lakini zinki nayo huiamsha kidogo. Kwenye nyumba zenye mabomba ya chuma yaliyopakwa zinki, ambayo ni mengi katika majengo ya zamani hapa, hilo si jambo la kupuuza. Mwaka 2010 kikundi cha Lu kiliirudia DNAzaimu ile kongwe na kuonyesha kwamba ubaguzi wake kati ya risasi na metali nyingine ni mkali zaidi sana. Kwa hiyo swali la kwanza ambalo ningemshauri mnunuzi amwulize muuzaji ni hili: ndani ya kihisi chako mna DNA ipi? Kwenye pakiti zangu haikuandikwa. Nililazimika kutengeneza maji yenye zinki bila risasi na kuyapima. Namba ilibaki chini, nikatulia. Lakini si haki kumwachia mtumiaji kazi hiyo.

La pili, na ndilo zito zaidi, ni kwamba DNA huiona risasi iliyoyeyuka tu. Ayoni ikiwa huru majini, uzi unakatwa. Punje ndogo ya kutu ya risasi, hata ikiwa na madini mengi kuliko lita nzima ya maji, hupita bila kuonekana, au hunaswa kwenye kitambaa. Chicago huongeza fosfati kwenye maji ili utando ujijenge ndani ya mabomba na kuizuia risasi isiyeyuke, na utando huo husaidia. Lakini bomba likitikiswa, kwa mfano barabara inapochimbwa au mita inapobadilishwa, vipande vya utando hubanduka na kusafiri. Mwezi Februari tulifungua kile kichujio cha waya kilichoko mdomoni mwa bomba la mama. Ndani yake mlikuwa na punje za kijivu, nyingine kama chembe za chumvi, nyingine ndogo zaidi, zimejipanga ukingoni. Tuliyapima maji yaliyozipitia na kifaa kikasoma kama kawaida. Kisha nikachukua sehemu ya maji ya chupa hiyo hiyo, nikayatia asidi ya nitriki, nikayaacha zaidi ya saa 16 ili punje ziyeyuke, nikayarudisha kwenye hali isiyo na ukali wa asidi kwa kuwa DNA hiyo haifanyi kazi ndani ya asidi kali, na nikapima upya nikizingatia kiasi nilichoyazimua. Namba ilikuwa zaidi ya mara mbili ya ile ya mwanzo.

Kazi hiyo ya asidi haifai kufanyiwa jikoni penye mtoto. Niliifanya maabara, nikiwa na glavu na miwani. Maana yake ni kwamba, kwa matumizi ya nyumbani, namba ndogo ya kifaa hiki haitoshi kuwa cheti cha usalama. Namba kubwa iamini. Namba ndogo ichukulie kwamba risasi iliyoyeyuka ni kidogo kwa saa ile, kisha peleka sampuli kwenye maabara yenye mashine kubwa inayopima risasi yote, iliyoyeyuka na isiyoyeyuka. Wakazi wa Chicago wanaweza kuomba kifurushi cha kupimiwa maji bure kwa kupiga simu 311, na ninamsihi kila anayesoma hapa naye anaishi katika mji huu apige, awe na kifaa kama hiki au asiwe nacho.

Vijikaratasi vya kubadilika rangi vinavyouzwa madukani nilivijaribu pia kwa kulinganisha. Kwa maji ya chupa ya tano vilinipa jibu la ndiyo au hapana lenye mstari hafifu ambao watu wawili waliuona tofauti. Sina zaidi la kusema juu yake.

Kuna njia mbili nyingine za kuitumia DNA ya aina hii ambazo natamani zifike madukani. Ya kwanza ni ya dhahabu. Mwaka 2003 Juewen Liu na Yi Lu walizikusanya chembe za dhahabu zenye upana wa nanomita 13 kwa kuziunganisha na DNAzaimu. Zikiwa zimekusanyika rangi yake ni ya buluu, lakini risasi ikizikata nyuzi, chembe hutawanyika na rangi huwa nyekundu. Hakuna betri wala mashine, jicho linatosha. Ya pili ni ya mwaka 2011, na ndiyo inayonigusa zaidi nikiwakumbuka wa nyumbani: Yu Xiang na Yi Lu walikichukua kipima sukari cha kawaida, kile kile anachokitumia mgonjwa wa kisukari, wakakifanya kisome vitu visivyo sukari kabisa. DNA inapokutana na inachokitafuta, humwachilia mfungwa wake, kimeng'enya kiitwacho invatezi, ambacho huigeuza sukari ya mezani, isiyosomwa na kipima sukari, kuwa glukosi inayosomwa. Kwa njia hiyo walipima hata urani. Kipima sukari kinauzwa katika duka la dawa Uvira, Kigoma na Mombasa. Kifaa nilichokiazima mimi hakiuzwi huko, na bei yake na ya vihisi vyake vya kutupwa si ya mfuko wa familia moja. Ni ya chama cha wapangaji, kanisa, msikiti au shule, watu wanaoweza kuchanga na kumteua mmoja wao ajifunze kukitumia vizuri.

Binamu yangu wa Mombasa aliposikia ninachokifanya alinipigia akiuliza kama kifaa hiki kingefaa Owino Uhuru, kijiji ambacho kiwanda cha kuyeyusha betri chakavu kilikichafua kwa risasi hadi kilipofungwa mwaka 2014, na ambacho Phyllis Omido alikipigania baada ya mwanawe mwenyewe kupatikana na risasi mwilini. Nilimjibu kwa uzito swali lilivyostahili: kwa maji ya kisima, ndiyo, kama hatua ya kwanza, kwa vumbi, udongo na mabati ambayo watoto waliyagusa, hapana, isipokuwa udongo huo uyeyushwe kwanza kwa asidi maabara, na kwa damu ya mtoto, hapana kabisa, hicho si chombo chake. Nilihuzunika kumpa jibu hilo, kwa sababu haja kubwa ya kule iko kwenye vumbi na damu.

Hukumu yangu, basi, ni kwamba sehemu ya DNA katika kifaa hiki imefanya kazi yake kwa uaminifu ulionishangaza. Kwa miezi mitatu na vihisi zaidi ya arobaini, vitatu tu vilinipa namba isiyoeleweka, na viwili kati ya hivyo nilikuwa nimeviacha wazi nje ya pakiti mchana kutwa. Kilichobaki nyuma ni maelezo. Ningependa kijitabu kiseme kwa maandishi makubwa kwamba maji yaachwe yapate joto la chumba, kwamba punje hazionekani, na kwamba DNA iliyomo ni ya aina gani. Ningependa pia pakiti ya vihisi ifungike tena vizuri, kwa sababu unyevu ni adui wa kitu kilichokaushwa na jikoni ni mahali pa mvuke.

Mama alinunua kichujio cha kufunga bombani, chenye alama ya NSF/ANSI 53 inayothibitisha kwamba kimepimwa kwa kuondoa risasi, na hutumia maji ya baridi tu kwa kupikia, kwa kuwa ya moto huyeyusha risasi zaidi. Bado anayachemsha, sasa baada ya kuyachuja, na sikuona sababu ya kumzuia. Jumamosi ya mwisho kabla sijakirudisha kifaa tulijaza tena chupa moja kutoka kwenye kichujio, tukaiacha mezani ipate joto, na tukapima mara tatu. Mara zote tatu kioo kiliandika kwamba risasi iko chini ya kiwango ambacho kifaa kinaweza kukisoma. Mama akaandika tarehe kwenye kipande cha karatasi, akakibandika mlangoni mwa friji, kisha akaniuliza kama nina kihisi kimoja kilichobaki kwa ajili ya bomba la ghorofa ya tatu, kwa dada aliyejifungua juzi.